Konokono Watatu

Kila kiumbe Mwenyezi Mungu amekipa makao yake. Samaki hukaa majini, mjusi hukaa penye jua, na nyuki hukaa palipo na maua. Katika makao yake kila mnyama ana chakula chake, na tena ana adui zake wamlao, wasimwache kuongezeka kupita kiasi. Hivyo mambo ya porini hukaa katika mizani. Lakini binadamu akimtwaa mnyama kwao na kumpeleka nchi ya mbali, pengine mizani ile huvunjika. Wanyama wengine wakifika ugenini hufa kwa kukosa riziki. Wengine huona chakula tele wala hawaoni adui, wakazaa na kuijaza nchi. Mnyama wa namna hii ya pili huitwa mvamizi. Somo hili laeleza habari za mvamizi mmoja, na jinsi habari itolewayo mapema iwezavyo kuokoa mashamba ya watu wengi.

Mvamizi huyo si simba wala chui. Ni konokono tu. Watoto wa pwani ya Kenya na Tanzania wamjua sana yule konokono mkubwa mwenye gamba la rangi ya kahawia lenye michirizi, ambaye hutoka wakati wa mvua na kupanda migombani na ukutani. Asili yake ni Afrika ya Mashariki. Akikua sana gamba lake hufikia urefu wa sentimeta 20, nao ni kama urefu wa mkono wa mtu mzima tangu kifundo hata ncha ya kidole cha kati. Huku kwao wako adui wamlao tangu zamani, hata wako konokono wadogo walanyama ambao chakula chao ni konokono wenzao. Kwa hiyo, ingawa hula mboga za watu, hajapata kuwa msiba wa nchi.

Lakini konokono huyu amesafirishwa sana na watu. Wengine walimchukua kwa kuwa ni chakula, wengine kwa kuwa ni dawa, na wengine kwa kupenda kumtazama tu. Alipelekwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Mwaka 1847 alichukuliwa kutoka kisiwa cha Mauritius hata mji wa Calcutta katika India. Mwaka 1936 alifika visiwa vya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Kila alipofika alistawi, na wakulima wakalia.

Yafaa kujua kwa nini walilia. Kwanza, konokono huyu hachagui chakula. Wataalamu wamehesabu aina 500 hivi za mimea alazo: mboga, matunda, maua, hata maganda ya miti michanga. Pili, huzaa sana. Kila konokono ni dume na jike pamoja, na mmoja aweza kutaga mayai hata 1,200 kwa mwaka. Tatu, gamba lake halikui pasipo chokaa, naye akikosa chokaa ardhini hukwangua lipu za nyumba kwa ulimi wake ulio kama tupa. Nne, na hili ndilo baya kuliko yote, huchukua mwilini mwake minyoo midogo sana ambayo hutoka kwa panya. Mtu akimla konokono huyo bila kupikwa vema, au akila mboga mbichi zisizooshwa ambazo amepita juu yake, minyoo ile yaweza kuingia mwilini na kufika katika utando wa ubongo, ikaleta ugonjwa mkali. Kiangazi kikija hafi upesi, bali huingia ardhini, huziba mlango wa gamba lake, na kulala humo miezi mingi akingoja mvua.

Sasa habari zenyewe zilitokea Marekani, upande wa kusini, katika jimbo la Florida. Nchi hiyo ina joto na mvua nyingi, na mashamba ya machungwa na mboga. Katika mwaka 1966 mvulana mmoja wa mji wa Miami alikuwa amekwenda kutembea Hawaii. Huko aliwaona konokono wale wakubwa, wakampendeza. Aliporudi kwao aliwaficha konokono watatu, akawapitisha bila ya wakaguzi kujua. Labda alidhani kwamba vitu vitatu vidogo haviwezi kudhuru nchi kubwa kama ile. Baada ya muda bibi yake aliwatoa wale konokono akawaachia bustanini. Bibi hakukusudia ubaya. Hakutaka kuwaua, wala hakutaka kuwaweka nyumbani, naye hakujua kwamba bustani yake ilikuwa mlango wa mji mzima.

Konokono wakaingia penye majani. Mchana walijificha, usiku walikula. Mvua ilipokuja walitaga. Vitoto vyao vilipita chini ya ua vikaingia bustani ya jirani, na kutoka kwa jirani vikaenda mtaa wa pili. Hata serikali ilipopata habari na kutuma watu kutafuta, walikuwa wamekwisha enea. Ikawa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba, kuinua kila jiwe na kila gogo, kuokota konokono kwa mikono na kutia chambo chenye sumu. Katika miaka saba tangu wale watatu walipoingia, konokono waliookotwa walizidi 18,000, pamoja na mayai mengi. Ilipofika mwaka 1975 ndipo ilipotangazwa kwamba wamekwisha. Gharama yake ilikuwa kama dola milioni moja za Marekani.

Mwanafunzi ajuaye hesabu na agawanye 18,000 kwa tatu. Atapata 6,000. Basi ni kana kwamba kila konokono mmoja aliyefichwa katika safari ile amegeuka kuwa 6,000. Lau yule bibi angalipeleka habari kwa bwana shamba siku ile ile, kazi ingalikwisha kwa kuokota konokono watatu, na gharama yake isingalizidi nauli ya mtu mmoja. Hii ndiyo maana ya methali isemayo, “Usipoziba ufa utajenga ukuta.” Watu wa Miami walijenga ukuta mzima kwa sababu ufa wa kwanza haukutajwa.

Miaka mingi ikapita, na watu wengi wakasahau. Ndipo mwezi wa Septemba mwaka 2011 konokono wale wale walionekana tena katika wilaya ya Miami-Dade. Safari hii serikali ya jimbo ilifahamu kwamba wakaguzi peke yao hawatoshi, maana mkaguzi hawezi kuingia kila bustani kila siku, lakini mwenye bustani yumo humo kila siku. Kwa hiyo iliwaomba wenyeji wote wawe macho. Picha za konokono zilionyeshwa watu, na namba ya simu ikatangazwa, ili kila amwonaye apige simu mara moja. Waliambiwa wasimguse kwa mikono mitupu, wala wasimtupe penginepo. Mbwa nao walifundishwa kumtafuta kwa kunusa, kwa sababu pua ya mbwa humgundua konokono aliyejificha hata macho ya mtu yasimwone. Hata hivyo kazi ilichukua miaka kumi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021 ndipo ilipotangazwa kwamba amekwisha katika wilaya ile, baada ya kukusanywa konokono zaidi ya 168,000.

Haukupita mwaka mmoja kabla ya jaribu jingine. Mwezi wa Juni mwaka 2022, katika wilaya ya Pasco ya jimbo lile lile, mtu mmoja mwenye mafunzo ya ukulima wa bustani alimwona konokono akamtambua. Hakungoja amwone wa pili, wala hakusema, “Bila shaka wengine wamekwisha toa habari.” Aliwaarifu wenye amri. Tarehe 23 Juni wataalamu walithibitisha kwamba ndiye. Tarehe 25 Juni karantini iliwekwa, yaani watu walikatazwa kutoa mimea, udongo, au takataka za bustani katika eneo lile bila ya ruhusa. Tarehe 29 Juni dawa ilianza kutiwa. Hivyo, tangu kuthibitishwa hata kuanza kwa dawa zilipita siku sita tu. Konokono wale walikuwa wenye nyama nyeupe, namna ambayo hupendwa na watu wafugao konokono majumbani. Yamkini basi hawa nao waliletwa kwa siri kama wale watatu wa zamani.

Pengine mtu atauliza, “Ya nini haraka? Mnyama akizidi, si atatafutwa adui wake wa kumla?” Jambo hilo limejaribiwa, na mwisho wake wahuzunisha. Huko Hawaii, katika mwaka 1955, waliletwa konokono wengine walanyama kutoka Florida, ili wawale wale wakubwa wa Afrika. Na mwaka 1977 wakapelekwa katika kisiwa cha Moorea, kilicho mbali zaidi kusini katika bahari ile ile. Lakini konokono mlanyama hakufuata shauri la binadamu. Aliwaona konokono wadogo wa asili ya kisiwa kuwa laini na wepesi kukamatwa kuliko yule mkubwa wa Afrika, akawala. Miaka kumi hivi ilipopita, wale wadogo wa asili, ambao hawakuwadhuru watu na ambao magamba yao wenyeji waliyatunga kuwa mapambo, walikuwa wametoweka porini katika Moorea. Wataalamu waliwahi kuwachukua wachache na kuwatunza hai katika nchi nyingine, isiwe mbegu yao kupotea kabisa. Basi hata wenye elimu hukosea wanapotibu ugonjwa uliokwisha kukomaa. Dawa iliyo bora na nyepesi ni kutoa habari wakati mvamizi angali mchache.

Wala mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya ng’ambo tu. Afrika ya Mashariki ina mvamizi wake ajulikanaye na kila mtoto wa pwani. Ni yule kunguru mwenye shingo ya rangi ya kijivu, ambaye kwao ni India. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji. Watu walimkaribisha kama mfagiaji asiyetaka mshahara. Lakini hakula takataka tu. Alikula mayai na makinda ya ndege wadogo, akanyakua vifaranga vya kuku, akaharibu matunda na nafaka. Ilipofika mwaka 1917 serikali ya Unguja ilikuwa imekwisha mhesabu kuwa mharibifu. Akavuka bahari hata bara. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, na baadaye akaenea katika miji ya pwani. Tena katika mwezi wa Juni mwaka 2024 idara ya wanyamapori ya Kenya ilitangaza shauri la kuwaondoa kunguru hawa milioni moja. Milioni moja! Wale wa kwanza walioletwa Unguja wangaliweza kutiwa katika matundu machache.

Mvamizi mwingine ameingia karibuni zaidi. Katika mwaka 2020 konokono wa majini, ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini, alionekana katika mashamba ya mpunga ya Mwea, nchini Kenya. Huyu si yule konokono wa pwani. Yeye hukaa katika maji ya majaruba na ya mifereji, na hula miche michanga ya mpunga. Mayai yake hujulikana upesi, maana huyataga nje ya maji, mafungu mafungu, juu ya mabua na kuta za mifereji, nayo yana rangi ya waridi inayong’aa. Mtoto apelekaye ng’ombe kunywa maji aweza kuyaona kabla ya mkaguzi yeyote. Akiyaona na kunyamaza, hakuna aliyefaidika kwa macho yake.

Kwa nini basi watu hunyamaza? Wengine hudharau, wakisema kwamba mnyama ni mdogo. Hao husahau kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Wengine hudhani kwamba jirani amekwisha sema, na jirani naye hudhani vivyo hivyo, hata mwisho hakuna aliyesema. Wengine huona haya kwa kuwa wao wenyewe ndio waliomleta mnyama, nao huogopa kuadhibiwa. Lakini anayeficha kosa la konokono watatu siku moja atalazimika kueleza habari za elfu kumi na nane, nao hawafichiki. Mtu anayekiri mapema huwapa jirani zake nafasi ya kuokoka, na jambo hilo ni sehemu ya kumpenda jirani.

Kutoa habari nako kuna utaratibu wake. Mtoto aonaye mnyama asiyemjua katika shamba au mto humwambia kwanza mzazi wake au mwalimu wake. Mkubwa huyo humwarifu mwenyekiti wa kijiji au chifu, pamoja na bwana shamba. Kama ni habari ya ndege au mnyama wa porini, afisa wa wanyamapori huarifiwa pia. Habari njema hujibu maswali manne: ni kitu gani kilichoonekana, kilionekana wapi, kilionekana lini, na vilikuwa vingapi. Mtu akisema tu, “Kuna wadudu wabaya shambani,” hajamsaidia bwana shamba, maana hajui aende wapi wala atafute nini. Lakini akiandika hivi, amesaidia sana: “Leo Jumanne asubuhi, penye mfereji wa pili, upande wa mashariki wa shamba la shule, yameonekana mafungu sita ya mayai ya rangi ya waridi juu ya mabua ya mpunga. Hayakuguswa. Mahali pametiwa alama ya kijiti.”

Yako pia mambo matatu ya kuepukwa. La kwanza ni kumshika mnyama kwa mikono mitupu, kwa sababu ya minyoo na magonjwa. La pili ni kumchukua akiwa hai na kwenda kumwonyesha rafiki kijiji cha pili, maana huko ndiko kumsafirisha mvamizi. La tatu ni kumwua kila mnyama asiyejulikana kabla ya kuuliza. Yule kunguru wa Afrika mwenye shingo nyeupe ni mwenyeji, na konokono wengi wadogo wa msituni ni wenyeji, nao wana kazi yao. Mtu afanyaye haraka ya kuua aweza kumwua mwenye nyumba na kumwacha mwizi.

Na bwana shamba akisha kuja, kazi ya mwenyeji haijaisha. Humwonyesha mahali, hushika maagizo yake, na huendelea kutazama mvua zijazo, kwa maana mayai machache yaliyosahauliwa yatosha kuanza mambo upya. Watu wa Florida walidhani wamemaliza mwaka 1975, naye mvamizi akarudi mwaka 2011. Walimaliza tena mwaka 2021, naye akarudi mwaka 2022. Lakini mara ile ya mwisho alimkuta mtu aliyekuwa amejifunza sura yake, na aliyejua ni nani wa kuarifiwa. Serikali ina wataalamu, dawa na magari, lakini haina macho katika kila bustani. Macho hayo ni ya wenyeji, na mengi kati yake ni macho ya watoto, ambao hutembea polepole, huinama chini, na huona vitu vidogo.

MASWALI

1. Mnyama mvamizi ni mnyama wa namna gani? Kwa nini konokono mkubwa si msiba katika nchi ya asili yake?
2. Taja sababu nne zilizowafanya watu wa Florida wamwogope konokono huyu.
3. Kama konokono mmoja hutaga mayai 1,200 kwa mwaka, konokono watatu hutaga mangapi?
4. Bibi wa yule mvulana alifanya nini? Angalifanya nini badala yake?
5. Eleza yaliyotokea katika kisiwa cha Moorea baada ya mwaka 1977. Jambo hilo lafundisha nini?
6. Andika habari fupi kwa bwana shamba ukimweleza juu ya mnyama mgeni aliyeonekana karibu na shule. Jibu maswali yote manne yaliyotajwa katika somo.
7. Eleza maana ya methali hizi: “Usipoziba ufa utajenga ukuta” na “Mdharau mwiba mguu huota tende.”